Midomo ya ekzosi ya urembo kwa IST na Noah: umbo, chuma na rangi, ikitengenezwa hapa hapa Mwanza

Fundi_Pasiansi:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo wa kutengeneza midomo ya ekzosi ya urembo, ile inayovishwa mwishoni mwa bomba ikachungulia chini ya bampa. Magari yanayoingia kwa wingi gereji za huku ni IST, Vitz, Noah na Forester, na wenye magari wanataka mdomo wenye ukingo mzito, ama unaong'aa, ama wenye ile rangi ya bluu na zambarau. Ya dukani haidumu. Krome inabanduka, kutu inajitokeza chini yake, na klampu ikilegea mdomo unadondoka kwenye matuta.

Maswali yangu: kipenyo na urefu gani vinakaa vizuri kwenye gari dogo? Mkato wa mshazari unachorwaje utoke sawa pande zote? Ukingo mnene unapatikanaje bila mashine ya kukunja? Stenlesi ipi inafaa, na je, kwa kuwa tuko kando ya ziwa nitafute ya daraja la 316? Na ile bluu inawekwaje isitoke na mabaka?

Vifaa vilivyopo: mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa gesi ya agoni) ya ampea 200, grainda mbili, drili ya meza na jiliwa. Mashine ya kurola shiti haipo.

---

Mshazari15:

Mkuu, swali zuri. Nianze na umbo, maana hapo ndipo kazi nyingi zinaharibikia kabla hata ya kuwasha mashine.

Jicho la mtu aliyesimama nyuma ya gari halisomi kipenyo, linasoma ukingo. Mdomo wa inchi 4 wenye ukingo wa milimita moja na nusu unaonekana bati tupu. Wa inchi 3 wenye ukingo wa milimita 6 uliomviringo unaonekana kitu cha kiwandani. Kwa hiyo acha kushindana na ukubwa. Kwa IST na Vitz, mm 76 ndiyo saizi yake, na mm 89 ni mwisho. Noah inabeba 89 hadi 101 kwa sababu mgongo wake ni mpana na bampa limesimama. Forester inategemea bampa lina kata au halina. Kama kata ipo, kata ndiyo inayoamua: acha uwazi wa mm 20 kila upande na mm 25 juu. Injini inapotikisika gari likiwa limesimama bomba linacheza, na likigusa plastiki utasikia mlio wote wa ekzosi ndani ya gari.

Kabla ya kukata chochote, pima kipenyo cha nje cha bomba la gari lenyewe kwa vernia. Usiende kwa jina la gari. IST mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na mabomba tofauti kwa sababu moja ilishabadilishwa sailensa. Gari ndogo nyingi huangukia kati ya mm 38 na 45, zenye injini kubwa zaidi 50 hadi 60. Bomba la zamani si duara kamili, hivyo pima kwa kulala na kwa kusimama, uchukue kipimo kikubwa. Shingo ya mdomo wako iwe na kipenyo cha ndani kinachozidi hapo kwa mm 1 hadi 1.5. Ukizidisha mm 2, klampu itavuta upande mmoja na mdomo utaangalia pembeni.

Sasa mkato. Watu wengi hukata digrii 30 au 45 kwa sababu inaonekana ya mashindano, kisha mdomo unapingana na gari. Chukua protrakta, iweke ubavuni mwa bampa pale ekzosi inapotokea, usome bampa limeinama digrii ngapi. Mara nyingi ni kati ya 10 na 20. Mkato wa mdomo ufuate huo huo mwinamo, upande wa juu ukiwa mrefu zaidi kama bampa linaingia ndani kuelekea chini. Gari likitazamwa ubavuni, mstari wa bampa na mstari wa mdomo viende sambamba. Hilo peke yake linaondoa nusu ya ubaya wa kazi za kubandika.

Kuchora kwenye bomba la inchi 3 (mm 76.2) kwa digrii 15: tofauti kati ya sehemu ndefu na fupi ni kipenyo mara 0.268, yaani mm 20.4. Kwa digrii 20 zidisha kwa 0.364. Kata karatasi ngumu yenye urefu wa mzingo wa nje, mm 239, uigawe sehemu 12 za mm 20 hivi. Kuanzia upande mfupi weka vimo hivi kwenye mistari: 0, 1.4, 5.1, 10.2, 15.3, 19, halafu 20.4 katikati, kisha rudi kinyume hadi 0. Unganisha nukta kwa mkono laini, kata, zungushia bomba, chora kwa sindano ya kuchorea. Mstari utatoka wa wimbi kwenye karatasi na bapa kabisa kwenye bomba. Kata nje ya mstari kwa mm 1 kwa diski ya mm 1, kisha weka msasa mkubwa juu ya kioo au marumaru iliyonyooka, usugue mdomo wa bomba mpaka wote uguse. Hatua hii ya kioo isirukwe. Grainda ya mkono peke yake haiachi uso bapa, na pete ya ukingo ikija juu yake utaona mianya.

Urefu: mm 140 hadi 160 kwa jumla unatosha, shingo mm 40 ndani yake. Mdomo utokeze nje ya bampa mm 10, usizidi 20. Ukirudi ndani ya bampa, moshi unapaka bampa masizi na joto linakaa kwenye plastiki. Bampa nyingi ni polipropilini, ambayo hulegea ikikaribia nyuzi 100 na huyeyuka karibu na nyuzi 160.

Kitu kimoja zaidi kuhusu sura: ukivisha ganda la mm 76 juu ya bomba la mm 42 bila kuficha, mtu akiinama anaona kibomba chembamba chenye kutu katikati ya ganda linalong'aa. Weka koni ndani, au angalau puliza ndani rangi nyeusi isiyong'aa ya kustahimili joto, ya nyuzi 600.

---

Chuma_Safi:

Ya mkuu hapo juu sina la kupunguza. Nizungumzie chuma.

Usitafute 316. Tofauti yake na 304 ni molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na kazi yake kubwa ni kupambana na kloridi, yaani chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Gari linaloishi Tanga au Dar kando ya bahari ni hadithi nyingine, lakini Mwanza hela hiyo iweke kwenye gesi ya agoni.

Kinachokula midomo huku kinatoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Gari likienda safari fupi, tuseme Kirumba hadi sokoni na kurudi, bomba la nyuma halipati joto la kukausha mvuke huo. Unageuka matone yenye asidi yanayokaa sehemu ya chini kabisa. Ndiyo maana mdomo wa chuma cha kawaida chenye krome unaoza kuanzia chini, kwa ndani, huku juu bado unang'aa. Krome yenyewe ni utando usiofikia hata maikromita moja juu ya nikeli; ikishapata ufa, maji yanapita na kutu inaisukuma kutoka chini. Kwa sababu hiyo usielekeze mdomo juu hata kidogo. Uinamishe digrii 2 au 3 kwenda chini, na kama umbo lako lina mfuko unaoshika maji, toboa tundu la mm 3 mahali pa chini kabisa.

Kuhusu kutambua stenlesi: sumaku ikinata kwa nguvu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa, au ni 409 na jamaa zake, ambazo viwanda hutumia kwenye mabomba ya ekzosi. 409 ina kromiamu karibu asilimia 11 tu. Haiozi haraka lakini inapata rangi ya kahawia juu, haifai kwa urembo. Sumaku isiponata bado usifurahi. Kuna 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na kujazwa manganizi, na sumaku haiioni. Inang'aa sawa na 304 siku ya kwanza, kisha inatoa vidoti vya kutu mapema zaidi. Kuna dawa ya matone ya kupimia manganizi: unadondoshea tone, unagusisha betri ya volti 9 kwa sekunde chache, ikigeuka nyekundu ni 201. Chupa moja inapima vipande vingi, na muuzaji wa shiti akiona unayo atakuwa mkweli zaidi. Kumbuka pia 304 iliyokunjwa au kuvutwa kwa nguvu inaweza kuvuta sumaku kidogo pale kwenye kona, hilo lisikutishe.

Kwa kuwa huna mashine ya kurola, usinunue shiti kabisa. Mwanza ina viwanda vya minofu ya sangara, na viwanda vya chakula hutumia mabomba ya stenlesi 304 au 316 ya vipimo vya inchi: 1½, 2, 2½, 3, 4. Chakavu chake kikifika kwa wauza vyuma, umepata bomba la mviringo kamili. La inchi 3 mara nyingi lina unene wa mm 1.65, ambao ni mzuri sana kwa mdomo: hauungui haraka kwenye TIG na haubonyei kwa kokoto. Yachague yasiyo na mashimo madogo ndani, maana dawa za klorini za kusafishia kiwanda huacha vidonda. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha yafute kwa asetoni kabla ya kuchomelea.

Tahadhari moja: bomba la maji la mabati, lile la rangi ya kijivu lenye zinki, halifai kwa kazi hii hata kwa shingo ya ndani. Moshi wa zinki unapochomelewa huleta homa na kubana kifua. Si suala la urembo tena.

---

Tigi_Nyakato:

Ukingo mnene bila mashine: tumia pete ya nondo ya stenlesi ya mm 6, aina ya 304, iliyonyooka na laini.

Kwa bomba la mm 76.2, pete ikae sawia na uso wa nje, maana yake kipenyo cha katikati ya nondo ni mm 70. Kipenyo cha ndani kinakuwa mm 64, na bomba la inchi 2½ ni mm 63.5. Basi zungushia nondo kwenye bomba hilo, ukibana mwanzo wake kwenye jiliwa. Nondo itarudi nyuma kidogo ukiiachia, na hapo inakaa karibu kabisa na kipimo. Kwa kuwa mkato wako ni digrii 15, mdomo si duara tena, ni yai: urefu wa nondo unaotakiwa ni karibu mm 225. Kata 230, ibane kwenye jiliwa ipate umbo la yai, ipime juu ya mdomo, ndipo upunguze. Maungio ya pete uyaweke upande wa chini wa mdomo, ambako hakuna anayeangalia.

Shika pete kwa nukta nane, kwa kurukaruka: juu, chini, kushoto, kulia, kisha katikati yake. Ukienda kwa kufuatana pete itajivuta na mwisho utabaki na mwanya. Ampea 45 hadi 60 kwa mkondo wa DC, tangsteni ya mm 1.6, waya wa 308L wa mm 1.6, agoni lita 8 hadi 10 kwa dakika. Piga vipande vya mm 20 upande mmoja, hamia upande wa pili, acha chuma kipoe. Stenlesi inatanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida na haipitishi joto upesi, ndiyo maana inajikunja ukiikimbiza.

Wengi wanasahau upande wa nyuma wa weldi. Ndani ya bomba, hewa ikigusa stenlesi iliyoyeyuka inatokea mikwaruzo myeusi ya chengachenga, ambayo mafundi wanaiita sukari. Inaoza haraka na kupasuka. Ziba ncha mbili kwa tepu ya foili, ingiza mpira wa agoni ya pili lita 3 hadi 5 kwa dakika, acha tundu dogo la hewa kutokea upande wa pili, subiri dakika moja, ndipo uanze. Huna chupa ya pili? Gawanya moja kwa kiungo cha njia tatu chenye vali.

Koni na shingo: ukitengeneza kuta mbili, usizibe nafasi ya katikati bila tundu. Hewa iliyofungwa ikipata joto inatafuta njia, na itatokea kwenye nukta ya mwisho ya weldi yako. Utaijaza, itatoboka, utaijaza tena. Na ukifanikiwa kuiziba, maji yatapenya kupitia kitundu kisichoonekana na hayatatoka. Toboa mawili ya mm 3 upande wa chini kabla ya kuchomelea.

Ukiunganisha mdomo wa 304 na bomba la gari la chuma cha kawaida, badili waya uwe 309L. 308L hapo inachanganyika na chuma cha kawaida na maungio yanakuwa magumu, yanapasuka kwa mtikisiko. Kama unachomelea mdomo ukiwa kwenye gari, toa waya hasi wa betri, na klampu ya arthi ibane kwenye ekzosi yenyewe karibu na weldi. Arthi ikiwekwa kwenye bodi mbali, mkondo unaweza kupita kwenye sensa ya oksijeni na kontroo boksi, na mteja atarudi na taa ya injini badala ya shukrani.

Grainda mbili ulizo nazo ni bahati. Moja iwe ya stenlesi pekee. Diski iliyokata nondo ya ujenzi inapachika chembe za chuma kwenye stenlesi, na baada ya mvua mbili chembe hizo zinageuka vidoti vya kutu. Mteja atasema umemuuzia feki. Brashi ya waya nayo iwe ya stenlesi. Ukimaliza, chovya mdomo kwenye maji ya asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita moja, yakiwa moto wa nyuzi 50 hadi 60, dakika 30, kisha suuza sana. Hiyo inaondoa chembe za chuma na kuacha kromiamu ijenge utando wake.

---

Fundi_Pasiansi:

Wakuu, shukrani sana. Hilo la mabomba ya viwanda vya samaki limenifungua macho, na hesabu ya karatasi nimeinakili. Imebaki rangi, na pia namna ya kung'arisha. Halafu Noah: kuna wanaotaka mdomo uliopinda kuelekea chini. Ni sawa?

---

Dada_Msasa:

Kaka, kung'arisha kwanza, kwa sababu rangi hudhihirisha kila mkwaruzo uliouacha.

Msasa 180 kuondoa alama za diski, halafu 240, 320, 400, 600. Kila namba isuguliwe kukatiza ile iliyotangulia, na usiende mbele mpaka mistari ya zamani imekwisha yote. Ukiruka kutoka 240 hadi 600 utang'arisha juu ya mikwaruzo, na jua la mchana litaionyesha yote. Baada ya 600, gurudumu la mkonge lenye sabuni ya kukatia ya stenlesi, kisha gurudumu la pamba na sabuni nyeupe. Mkonge unakata, pamba inamalizia. Usikandamize, stenlesi ikipata moto kwenye gurudumu inageuka njano na utarudi kwenye msasa.

Mimi kwa gari la kazi napendekeza usugue wa satini badala ya kioo: ishia 240 au 320, yote kwa mwelekeo mmoja wa mzunguko, na ukingo peke yake ndio ung'arishwe. Mng'ao wa ukingo unatenganishwa na mwili uliotulia, na vumbi la barabara za Buswelu halionekani upesi. Likichoka, mwenye gari anaweza kulirudishia mwenyewe kwa sponji ngumu.

Rangi sasa. Bluu ile si rangi iliyopakwa, ni utando mwembamba wa oksaidi unaovunja mwanga, sawa na petroli iliyomwagika juu ya maji. Unene wa utando unaongezeka na joto, na kila joto lina rangi yake. Kwa 304 ikipashwa hewani: nyuzi 290 njano hafifu, 340 rangi ya majani makavu, 390 kahawia, 420 hadi 450 zambarau, 540 bluu, 600 bluu iliyokolea. Ukipita hapo inakuwa kijivu kilichokufa na hairudi mpaka usugue upya.

Safisha kwa asetoni, vaa glovu safi, usiguse tena kwa kidole. Alama ya kidole itachomwa ndani ya rangi. Tumia tochi ya gesi ya kupikia yenye mwale mpana. Oksijeni na asetilini ni kali mno, inatoa mabaka. Simamisha mdomo juu ya kitu kinachozunguka, ukingo ukiwa juu. Pasha ukingo kwa kuzunguka bila kusimama. Rangi itaanzia ukingoni na kushuka: bluu juu, zambarau, kahawia, kisha njano ikiyeyukia kwenye chuma. Pete ya mm 6 ni nene kuliko mwili, hivyo inachelewa kupata joto. Anza nayo. Ondoa moto rangi ikiwa hatua moja nyuma ya unayoitaka, maana joto lililobaki linaisukuma mbele. Mabaka yanatokana na mafuta au na weldi isiyosuguliwa sawa.

Mwambie mteja ukweli: stenlesi iliyochomwa rangi inapoteza kromiamu kidogo chini ya ule utando, hivyo kinga yake ya kutu inapungua pale penye bluu. Pia hasugui kwa dawa ya kung'arishia vyuma. Akisugua, rangi inaondoka. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Titaniamu halisi ndiyo inayobeba rangi hizo bila kudhoofika, na uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma, lakini kuichomelea kunataka agoni mbele, nyuma na juu ya mshono mpaka ipoe. Anza na 304.

---

Kivuko_Kamanga:

Kuhusu Noah na mdomo wa kuelekea chini: hapana, mkuu. Nyuma ya gari lenye mgongo wima hewa inajizungusha na kuvuta moshi kurudi kwenye mlango. Mdomo ukielekea chini na kuishia ndani ya bampa, moshi unapanda kupitia mlango wa nyuma, hasa raba yake ikiwa imechoka au mlango umefungwa nusu kwa ajili ya mzigo. Monoksaidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na abiria wa siti ya nyuma ndio wa kwanza kuumwa kichwa. Hiace za abiria vivyo hivyo. Mdomo utoke nje ya bampa, uelekee nyuma.

La pili ni kugonga chini. Ukiongeza bomba nyuma unapunguza pembe ya kutokea, yaani ule mwinamo kati ya ardhi na mstari wa kutoka tairi ya nyuma hadi ncha ya ekzosi. Hesabu iko hivi: tuseme kutoka tairi ya nyuma linapogusa ardhi hadi ncha ya ekzosi ni mm 700, na ncha iko mm 250 juu. Pembe ni karibu digrii 20. Ongeza mdomo unaorefusha kwa mm 80 na kushuka mm 40, inakuwa mm 780 kwa 210, yaani digrii 15. Digrii tano zimeondoka. Mlango wa kivuko unaposhuka kwenye gati, kona ya chini ndiyo inayogusa, na gari likiwa na mzigo linashuka zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa shida hiyo kwa waendao njia ile, lakini kwa Kamanga bado unapanda pantoni, na vichochoro vya mawe vya Mabatini na Igogo havina huruma pia. Pima gari likiwa limepakia watu nyuma, si likiwa tupu kwenye jeki. Kama mdomo lazima uwe mkubwa, upandishe juu, usiushushe.

---

Chuma_Safi:

Naongezea jambo la nembo, kwa kuwa mkuu anakusudia kuuza. Usichonge AMG, M wala STI kwenye midomo yako. Hizo ni alama za biashara za wenyewe. Na kunakili sura kamili ya mdomo wa kampuni fulani nako kuna mipaka: Marekani, kwa mfano, mwonekano wa urembo wa kifaa husajiliwa peke yake, mbali na namna kinavyofanya kazi, na ulinzi wake ni miaka 15 tangu kutolewa kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia Mei 2015. Kwetu usajili wa alama ya biashara ni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na Tanzania imo kwenye Itifaki ya Harare ya 1982 inayohusu hataza na michoro ya viwandani chini ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika. Kama ukingo wako una mchoro wako mwenyewe, tuseme mikato ya magamba ya sato iliyochongwa kuzunguka shingo, huo ni mali inayoweza kulindwa. Uuweke wazi sokoni baada ya kuuliza namna ya kuulinda, si kabla.

---

Fundi_Pasiansi:

Nimeelewa, wakuu, na dada asante sana kwa jedwali la joto. Swali la mwisho: kwa asiyetaka kuchomelea, nifunge kwa bolti au klampu ili isidondoke?

---

Tigi_Nyakato:

Zote zinafaa, ila kila moja ina sababu yake ya kushindwa.

Klampu: pasua shingo nyufa nne za mm 25 kwa urefu, upana mm 2, na mwisho wa kila ufa toboa tundu la mm 4 kwanza. Bila tundu hilo ufa utaendelea wenyewe kwa mtikisiko. Tumia klampu pana ya bolti. Ile ya U inabonyeza bomba, na siku ya kubadilisha haitoki.

Bolti: tatu za M6, zikigawana mzunguko sawa, zikipita kwenye nati zilizochomelewa nje ya shingo, kila moja na nati ya kufungia juu yake. Mbili hazitoshi, mdomo utayumba kama mizani. Stenlesi kwa stenlesi inang'ang'aniana na bolti itakatika mkononi, kwa hiyo paka grisi ya shaba kwenye nyuzi. Sugua masizi na kutu kwenye bomba la gari mpaka chuma kionekane, vinginevyo unafunga juu ya unga.

Mdomo kama tulioueleza una uzito wa gramu 700 hivi. Angalia raba za kuning'inizia sailensa kabla hujaufunga. Zilizopasuka zibadilishwe, maana uzito ulio nyuma ya hanga ya mwisho unavunja shingo ya sailensa pale inapoungana na bomba. Ukitengeneza wa kuta mbili unaozidi kilo moja, ongeza hanga.

Kukaza: vidole kwanza bolti zote tatu, nyoosha mdomo kwa kulinganisha na ukingo wa chini wa bampa, si na sakafu, kisha kaza kwa zamu robo raundi kila moja. Washa gari dakika 15, zima, acha lipoe kabisa, kaza tena, ndipo ufunge nati za juu.